Chupa Aliyoisuuza Bibi Mwanamkasi

Bibi yangu mzaa mama, Mwanamkasi binti Kibwana, nilionana naye mara nne tu maishani mwangu, na si kwamba tulikaa mbali. Sisi tulikuwa Kerege, yeye Bagamoyo mjini, na malori ya mbata, zile nazi kavu, yalipita mbele ya nyumba yetu kila siku ya Mungu yakienda huko. Mama yangu, Ashatu, hakutaka tu kuyapanda. Kwa hiyo watu wa Bagamoyo walimjua bibi yangu kuliko nilivyomjua mimi. Walimwita Bi Tikisa, na watoto wasiofunzwa adabu walimfuata njiani wakitikisa makopo yenye kokoto. Hata leo wapo watu wazima na mvi zao wanaocheka wakilikumbuka jina hilo. Mimi halinichekeshi. Mama alifariki mwaka jana, hakuna tena wa kuumia nikisema, basi nitasema.

Mume wa bibi, Mwalimu Mwinyijuma, alikuwa na chuo cha Kurani barazani kwake, na alikuwa akiandika kombe. Mgonjwa akiletwa, babu alichukua sahani nyeupe akaandika aya kwa wino wa zafarani, na mwandiko wake ulikuwa mzuri sana. Kisha kazi ilihamia kwa bibi. Yeye ndiye aliyeyaosha maandishi yale kwa maji safi yenye tone la marashi, akayatia kwenye chupa, akamkabidhi mwenye mgonjwa pamoja na maelezo. Maelezo hayo hayakubadilika miaka yote. Iweke mahali pa juu, pasipopita miguu. Usiitikise ovyo, mle mna maneno ya Mungu. Na ikifika mwisho usiitupe, maana rangi ya zafarani hushuka ikakaa chini. Tia maji kidogo ya vuguvugu, suuza, mpe mgonjwa anywe. Tia tena, suuza tena, mpe tena, mpaka chupa iwe nyeupe.

"Baraka imekaa chini," alikuwa akiwaambia.

Mama yangu alikua akiyasikia maneno hayo kila siku. Alijua kusuuza chupa kabla hajajua kusuka ukili.

Mwaka 1934 kifaduro kiliingia Bagamoyo, kile kikohozi kinachomkamata mtoto mpaka anatapika, kisha anavuta pumzi kwa sauti kama jogoo mchanga. Wakati huo mama alikuwa Kiwangwa na baba yangu, Majaliwa, na walikuwa na mtoto mmoja tu, dada yangu Mina, wa miaka mitatu. Mimi sikuwa bado nimezaliwa. Mpunga ulikuwa umeiva, ndege wanaumaliza, na shambani hapakuwa na mtu wa kumwangalia mtoto. Mama akamleta Mina kwa bibi yake, akarudi kuvuna.

Siku ya pili Mina akaanza kukohoa. Babu akaandika kombe, bibi akaosha, mtoto akanywa, kikohozi kikazidi. Babu hakuwa mjinga, na nasema hivi kwa sababu wapo waliompaka matope baadaye. Alimwambia bibi, "Mwanamkasi, aya ni za Mungu na dawa ni za Mungu. Nenda dukani kwa Nasor ukamwulize."

Nasor bin Mbaruk alikuwa mtu wa asili ya Omani, mwenye duka karibu na soko. Aliuza kanga, tende na mafuta, na nyuma yake palikuwa na kabati la kioo lenye chupa za dawa zilizotoka Ulaya. Alimpa bibi kichupa cha kikohozi akasema kinatuliza kifua, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Kama aliuliza nani mgonjwa, kama alisema neno jingine, Mungu ndiye ajuaye. Nasor mwenyewe baadaye hakuweza kukumbuka.

Chupa ilibandikwa karatasi iliyojaa maandishi. Babu, ambaye mtaa mzima ulimletea barua awasomee, alivaa miwani yake akaigeuza karatasi ile juu chini. Herufi za Kiarabu alizijua zote, lakini hizi za Kizungu hakuzijua hata moja. Akairudisha chupa mkononi mwa bibi. "Nasor amekwisha kusema kijiko," alisema, na wakaridhika na hilo.

Bibi aliiweka ile chupa katika shubaka la ukutani, pale pale zilipokaa chupa za kombe. Aliiheshimu kama alivyoziheshimu zile. Hakuitikisa hata mara moja. Asubuhi na jioni aliiteremsha polepole, akamimina kijiko, akairudisha. Siku tano zilipita, Mina anakohoa vile vile. Siku ya sita, baada ya sala ya alasiri, dawa ilifika mwisho, na bibi akaona chini pamebaki kitu kizito cha rangi ya kahawia kimeshika kwenye kioo. Akapasha maji. Akasuuza, akampa Mina. Akasuuza mara ya pili, akampa. Mina alilia kuwa ni chungu, na bibi akamtilia tende mdomoni. Mara ya tatu chupa ikawa nyeupe.

Kikohozi kikakoma. Nyumba ikanyamaza kwa mara ya kwanza tangu juma lile lianze, na bibi akasema alhamdulillahi kwa sauti. Akamfunika mtoto kanga, akatoka uani kupepeta mchele. Ilipoadhiniwa magharibi akaingia kumwamsha ale, na Mina hakuamka.

Walimzika asubuhi. Habari zilichelewa kufika Kiwangwa, na mama alipofika udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Hakuuona uso wa mwanawe. Watu wote walisema ni kifaduro, kwa kuwa kilikuwa kimechukua watoto wengine mtaani. Mama alimwangukia bibi shingoni akalia, "Ulimwuguza peke yako, mama. Mungu akulipe mema."

Bibi alinisimulia maneno hayo miaka ishirini baadaye. Alisema hakuna tusi alilowahi kutukanwa lililomchoma kama shukrani ile.

Mwaka uliofuata babu alifariki, na bibi naye akashikwa na kifua. Shoga zake wakamsukuma mpaka akaenda zahanati. Aliyekuwa akitoa dawa pale aliitwa Bwanausi, dresa kijana, mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Alimpa chupa ya kikohozi.

"Hii ni yako wewe mtu mzima, bibi. Kijiko cha chai kimoja, usizidishe. Na kila mara utikise kwanza. Mtoto usimpe hata tone."

"Kwa nini asipewe, mwanangu?"

"Ndani mna afyuni. Ni kidogo, lakini imo. Inalaza kikohozi. Kwa mtoto inalaza na pumzi." Akatwaa chupa nyingine iliyokaa rafuni siku nyingi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Tazama. Juu maji, chini kizito. Afyuni yote imeshuka. Asiyetikisa anakunywa maji siku zote, halafu siku ya mwisho anaimeza yote pamoja."

Bibi aliitazama ile chupa. "Na akisuuza?" aliuliza.

Bwanausi akacheka. "Ala! Nani asuuze chupa ya dawa, bibi?"

"Hakuna," bibi alisema. Akajifunika kanga yake akatoka, na dawa akaiacha mezani.

Hakumwambia mtu. Hapo ndipo penye kisa chenyewe, si pale kwenye kusuuza. Kusuuza alikosea kama mtu yeyote wa nyumba ile angekosea, kwa mapenzi na kwa heshima. Lakini kunyamaza alikuchagua. Alijiambia kwamba Mina hatarudi, na kwamba akimwambia Ashatu atakuwa anamzika mtoto yule mara ya pili. Nampenda bibi yangu, lakini hapo sikubaliani naye mpaka leo. Alimwogopa mwanawe. Aliogopa kuipoteza ile "mama" aliyoitwa na mtoto wake wa pekee, basi. Akanyamaza mwaka mmoja, kisha wa pili ukawa mwepesi kidogo, mpaka ikafika sita.

Ikaja 1941. Baba na mama walikuwa wamehamia Kerege, na mimi, Mgeni, nilikuwa na miaka mitatu, umri ule ule wa Mina. Nikashikwa na kikohozi. Bibi alipopata habari hakungoja hata kupika. Alidandia lori la mbata akafika kwetu mchana, jasho linamtoka. Mengine haya alinisimulia yeye, na mengine baba yangu, aliyekuwa uani akichonga mpini wa jembe.

Alimkuta mama jikoni, birika liko mafigani. Mkononi mwa mama mlikuwa na kichupa cha kikohozi ambacho baba alikinunua safari yake ya mjini, na ndani yake dawa imebaki kidole kimoja. Mama alimpokea kwa furaha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unafanya nini?"

"Nangoja maji yapate moto nisuuze. Nimeituliza vizuri, sikuitikisa hata siku moja. Baraka si imekaa chini?" Na mama akatabasamu.

Bibi aliinyakua ile chupa, akatoka nayo mlangoni akaimimina yote mchangani. Mama alipiga kelele. Kumwaga dawa ya mgonjwa, tena bibi yule, aliyewafundisha watu kutoacha hata tone! Baba akaacha jembe akaja.

"Mama, una nini?" mama yangu alimwuliza. "Unamwaga dawa ya Mgeni!"

"Ina afyuni. Inakaa chini yote. Ungemsuuzia asingeamka."

"Nani kakwambia?"

"Dresa, pale zahanati."

"Lini?"

Baba alisema bibi aliiweka chini ile chupa tupu, maji yanachemka. Angeweza kusema jana. Angeweza kusema juzi, na mimi ningepona, na yeye angebaki na binti na mjukuu na maisha yake. Hakuna ambaye angejua. Sijui ilitoka wapi nguvu ile ambayo kwa miaka sita hakuwa nayo.

"Mwaka uliofuata baada ya Mina," alisema.

"Na Mina?"

"Mina nilimsuuzia. Mara tatu. Chupa ikawa nyeupe."

Mama hakulia. Baba alisema alimtazama bibi kama mtu anayejaribu kumkumbuka aliyewahi kumwona mahali. Kisha akasema polepole, "La Mina ni la Mungu. Hukujua. Lakini huyu ningemwua mimi kwa mkono wangu, na wewe unajua, umekaa kimya. La huyu lingekuwa lako."

Bibi alinichukua mgongoni, akanipeleka zahanati kwa miguu, baba akifuata nyuma. Walikuta mbavu zangu hazijaanza kuingia ndani ninapovuta pumzi, wakasema nirudishwe nyumbani, ila zikianza, au midomo ikibadilika rangi, niletwe mbio. Siku nne bibi alininywesha maji ya vuguvugu yenye asali na tangawizi, akanilaza kichwa kikiwa juu, akakaa kunisikiliza pumzi. Siku hizo nne mama hakumsemesha. Siku ya tano nikaomba uji, na bibi akapanda lori kurudi kwake. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoonana naye, na sikumbuki chochote.

Tangu hapo mama hakumkosea adabu hata mara moja, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi. Walipokutana msibani au harusini alimpa shikamoo yake kamili, mikono yote miwili. Shikamoo tu. Neno "mama" halikufuata tena. Watu hawakuona, lakini bibi alilisikia kila lisiposemwa.

Naye akaanza kusema. Alisema kila penye wanawake wawili, kwenye ngoma, kwenye arubaini ya mtoto, kisimani. "Mimi nilimwua mjukuu wangu kwa kusuuza chupa," alianza hivyo hivyo, bila kuzunguka. "Nyumbani mna dawa gani ya kikohozi? Imeandikwa nini? Nani amekusomea? Tikisa kabla ya kunywa. Mtoto usimpe, mpe tangawizi na asali kama amekwisha acha ziwa, na akihema kwa taabu mpeleke zahanati. Iliyobaki usisuuze." Wengine walimsikiliza, wengine walivuta watoto wao wakapita upande wa pili wa njia. Mama mkwe mmoja alimfukuza harusini kwa kuwa analeta mkosi. Hapo ndipo lilipotoka jina la Bi Tikisa.

Alikwenda hata dukani kwa Nasor. Nasor alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa juu ya gunia lake akajishika kichwa. "Wallahi, Bi Mwanamkasi, sikumbuki kama nilikuuliza nani mgonjwa," alisema. "Nakaa nafikiri, sikumbuki." Toka siku ile mtu akimwomba dawa ya kikohozi alimwuliza kwanza nani anayekohoa, na akiambiwa ni mtoto alifunga kabati. Watu walimwona amekuwa mgumu uzeeni.

Mara ya pili nilipomwona nilikuwa na miaka kumi, harusini Mapinga, akanishika kidevu akanitazama mpaka mama aliponiita. Mara ya tatu nilikwenda mwenyewe kwa wizi, nina miaka kumi na sita, nikamkuta anachambua mchele. Nilitaka kujua kwa nini sina bibi kama wenzangu. Alinieleza yote haya bila kujipunguzia. Nilipomwuliza kwa nini hakudanganya siku ile Kerege, alisema, "Ningedanganya, ningekuwa na mama yako leo. Lakini kila ambapo angeniita mama ningesikia ananiita jina la mtu mwingine." Nilirudi nikimkasirikia mama yangu, na sikumwambia nilikokuwa.

Mwaka 1957 baba alikuja na habari kwamba bibi yuko kitandani na hainuki. Nilikuwa nimekwisha olewa, nimekuja kusalimu tu. Mama alikuwa anakuna nazi. Alimaliza ile nazi yote, akanawa mikono, akafunga kanga mbili kwenye mkoba wa ukili. "Twende," aliniambia.

Kifua cha bibi kilikuwa kimekwisha. Bwanausi, sasa mtu mzima mwenye kitambi, alikuja mwenyewe nyumbani, akampa mama chupa. Alieleza kwamba haitamponya, itampunguzia tu yale maumivu ya kukohoa apate kupumzika, kijiko cha chai asubuhi na kimoja alasiri, basi. Mama aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa dawa ile ile yenye afyuni.

Siku tatu mama alimwuguza. Alimgeuza, alimwosha, alimchana nywele. Kila saa ya dawa ilipofika bibi aliuliza kwa sauti ya kukwaruza, "Umetikisa?" na mama alijibu, "Nimetikisa." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote baada ya miaka kumi na sita. Mimi nilikaa upande wa pili wa kitanda nikitamani kuwapiga wote wawili.

Siku ya nne, alasiri, nilikuwa nimemshika bibi mkono. Mama aliiteremsha chupa kutoka shubakani. Ilikuwa imebaki kidogo sana. Akaitikisa, akaitikisa muda mrefu kuliko siku zote, macho yake yako kwenye ile chupa. Akapima kijiko kimoja kwa uangalifu, na tone lililobaki akalimwaga nje ya dirisha. Kisha akainama. Bibi safari hii hakuuliza, macho ameyafumba. Mama akasubiri aulize.

"Nimetikisa, mama," akasema. "Mama. Nimetikisa."

Mkono niliokuwa nimeushika ulikuwa umelegea tangu mama alipokuwa akiitikisa ile chupa. Pumzi ilikuwa imetoka moja hapo hapo, ndefu, nami nikangoja nyingine, na haikuja. Nililijua hilo wakati mama bado ameinama anamsubiri afungue mdomo.

Tulimzika karibu na Mina. Tukirudi Kerege tumekaa nyuma ya lori, juu ya magunia, tulipokaribia nyumbani, mama akanishika goti.

"Wewe ulimshika mkono," alisema. "Alinisikia, sivyo?"

Nikamwambia alisikia. Nikamwambia aliniminya kidole. Kila mwaka, siku ya hitima ya bibi, mama aliniuliza tena, na kila mwaka nikamjibu hivyo hivyo, mpaka alipokufa.